Akaunti ya Coogan: mtoto anaigiza, hela anashika nani?

Mtoto akipata kazi yake ya kwanza ya filamu California, ofisi ya malipo haina haja ya kujua kipaji chake. Inataka vitu viwili: kibali cha kazi, na karatasi ya benki yenye namba ya akaunti ya Coogan, yaani akaunti iliyofungwa ya kumtunzia mtoto sehemu ya kipato chake. Cha kwanza wazazi wengi wanakifahamu. Cha pili ndicho kinachowachanganya, na ndicho kitakachoamua kama mtoto atakuwa na chochote siku umaarufu ukimwisha.

Jina limetoka kwa Jackie Coogan, yule mtoto mwenye kofia inayompwaya kando ya Charlie Chaplin katika The Kid ya 1921. Inakadiriwa aliingiza kati ya dola milioni 3 na 4 utotoni. Baba yake alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1935. Mama akaolewa na Arthur Bernstein, mtu aliyekuwa akishughulikia fedha za familia, na Jackie alipofika utu uzima akadai chake, akajibiwa kwamba hana chake. Kisheria mama hakuwa amekosea. California ya wakati ule ilihesabu kipato cha mtoto kuwa mali ya mzazi, kama mayai ya kuku yalivyo ya mwenye kuku. Jackie alifungua kesi mwaka 1938. Alichoambulia ni takriban dola 126,000.

Aibu hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya 1939, na hapa watu wengi hukosea wakidhani tatizo liliisha mwaka huo. Halikuisha. Sheria ile iligusa mikataba iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa tu, na kiasi cha kuwekwa akiba kilitegemea hakimu. Studio ilikuwa na sababu ya kwenda mahakamani pale tu ilipotaka kumfunga mtoto kwa mkataba mrefu, asije akaukana. Tangazo la siku mbili, nafasi ndogo kwenye tamthilia: hakuna aliyepanga foleni kwa hakimu kwa ajili hiyo. Tundu hilo lilikaa wazi miaka 60. Gary Coleman, nyota wa vichekesho vya televisheni, aliwashtaki wazazi wake na meneja wake mwaka 1989, nusu karne baada ya sheria, akashinda takriban dola milioni 1.28.

Tundu lilizibwa tarehe 1 Januari 2000. Mambo mawili yalibadilika. Kwanza, kipato ni mali ya mtoto mwenyewe, si ya mzazi. Pili, asilimia 15 lazima itengwe, mahakama ihusike isihusike.

Sasa hesabu. Tuseme mtoto kalipwa dola 10,000. Mwajiri anakata 1,500 na kuzipeleka mwenyewe moja kwa moja kwenye akaunti. Mzazi hazipitii mkononi. Asilimia hiyo inapigwa kwenye malipo yote kabla ya makato, na hapa ndipo pa kukagua karatasi ya malipo kwa makini: ukiona imepigwa kwenye kilichobaki baada ya kodi, rudisha siku hiyohiyo. Wakala anachukua asilimia 10, yaani 1,000. Meneja, kama yupo, mara nyingi 15, yaani 1,500 nyingine. Zinabaki 6,000, na kodi bado. Kodi nayo inahesabiwa kwenye 10,000 zote, pamoja na zile 1,500 ambazo mtoto hawezi kuzigusa mpaka afikishe miaka 18. Mzazi aliyeacha kazi ili kumpeleka mtoto kwenye usaili anashangaa hela zilivyoyeyuka, na hakuna aliyeiba hata senti.

Akaunti ifunguliwe ndani ya siku 7 za kazi baada ya mkataba kusainiwa. Mimi nashauri ifunguliwe kabla ya usaili wa kwanza, kwa sababu si kila benki inayo, na karani asiyeijua atakufungulia akaunti ya kawaida ya akiba ya mtoto. Hiyo siyo. Ya kawaida mzazi anaweza kutoa hela. Ya Coogan imefungwa, haitoki kitu bila amri ya mahakama. Omba barua ya benki inayoitaja kwa jina lake, yenye jina la mtoto kama lilivyo kwenye kibali, herufi kwa herufi. Asilimia 15 ya mtoto asiye na akaunti haipotei: huishia kwenye mfuko wa hisani wa waigizaji, ambao leo unaitwa Entertainment Community Fund. Waigizaji wa zamani wana hela zao pale hawajui. Mtu akiniambia aliigiza utotoni baada ya 2000, namtuma huko kwanza.

Mipaka ipo. Watoto wanaojaza tu nyuma ya picha, wale wa kupita barabarani, California haiwakati asilimia hiyo. New York, Illinois, Louisiana na New Mexico zina sheria za jamii hii; Georgia, ambako filamu nyingi hupigwa siku hizi, haina. Na zile asilimia 85 zilizobaki ni za mtoto kisheria, lakini hakuna ofisi inayofuatilia mzazi amezifanyia nini. Hapo ndipo panapovuja mpaka leo.

Halafu kuna umri wa miaka 16. Saa za kazi za watoto zimebanwa: kichanga cha chini ya miezi 6 hufanya kazi dakika 20 tu kwa siku (ndiyo maana pacha wanatafutwa sana), wa miaka 9 hadi 15 saa 5, huku saa 3 zikienda kwenye masomo. Kwa hiyo mwandaaji akihitaji kijana wa miaka 16 humchukua wa miaka 19 mwenye sura ya kitoto. Kazi hukauka ghafla kwa mtoto aliyezoea kuitwa kila mwezi, na wazazi humlaumu wakala bure.

Akitimiza miaka 18, aende benki na nakala iliyothibitishwa ya cheti chake cha kuzaliwa, kisha abadilishe anwani yake chama cha waigizaji, SAG-AFTRA. Hatua hii ya pili husahaulika. Malipo ya marudio ya vipindi huendelea kuja miaka mingi, na yasipobadilishiwa njia yatazidi kutua kwenye sanduku la barua la mzazi, pengine mzazi ambaye hawasemezani. Kama familia ilikuwa imeunda kampuni ya kupokelea malipo yake, aangalie pia ni sahihi ya nani iliyoko benki.

Tangu 1 Januari 2025 California imewaingiza humu hata watoto wa video za mtandaoni. Illinois iliitangulia Julai 2024. Tofauti ni kwamba kwenye video hizo mwajiri mara nyingi ndiye mzazi mwenyewe, kwa hiyo anayetakiwa kukata na anayetamani kutokata ni mtu mmoja.