Homa imeshuka, mgonjwa hajapona: maswali ya wodini kuhusu nimonia na sepsisi

Mimi ni muuguzi hapa Moshi, wodi ya watu wazima. Kuanzia Juni mpaka Agosti, baridi inapokaza na majiko ya mkaa yakahamia ndani, wagonjwa wa kifua huwa wengi. Maswali haya huulizwa na ndugu wanaomleta mgonjwa, mara nyingi wakiwa wamechelewa. Nimeona niyajibu huku, kabla hamjafika kwetu.

Sepsisi ndiyo nini?

Ni pale mwili unapopigana na maambukizi hadi unaanza kuharibu viungo vyake wenyewe: mapafu, figo, moyo, ubongo. Maambukizi yanaweza kuanzia kwenye kidonda, njia ya mkojo, au kizazi baada ya kujifungua, ila ninayoyaona zaidi yanaanzia kifuani, yaani nimonia. Inakadiriwa kuwa mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi, na milioni 11 wakafariki.

Kinga si ndiyo inatulinda? Inakuwaje ituumize?

Inalinda. Bakteria au virusi wakiingia kwenye mapafu, chembe nyeupe za damu huwatambua na kutoa kemikali ziitwazo saitokini, ambazo huita chembe nyingine na kupandisha joto la mwili. Kwa kawaida vita hiyo huishia hukohuko kifuani. Kwenye sepsisi inasambaa mwili mzima, kama sungusungu waliotoka kumkamata mwizi mmoja wakaishia kuvunja milango ya mtaa mzima. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja, maji yanatoka nje ya mishipa, presha inashuka. Mengine yanaingia kwenye mapafu na mgonjwa anatweta. Wakati huohuo damu inaganda ndani ya vimishipa, figo zinakosa damu, mkojo unakata.

Halafu kuna upande ambao wengi hawaujui. Baadhi ya chembe za kinga hufa kwa wingi na zilizobaki hulegea, kwa hiyo mgonjwa yuleyule ana kinga iliyopitiliza na kinga iliyochoka kwa pamoja. Ndiyo maana aliyeruhusiwa baada ya sepsisi anaweza kupata nimonia nyingine wiki chache baadaye. Akianza tena kukohoa na kuchemka, asisubiri.

Nesi, mzee alichemka siku nne. Tangu jana usiku amepoa kabisa na amelala vizuri. Mbona mnasema hali ni mbaya?

Kwa sababu hajalala, mama. Mzee anayepumua mara 32 kwa dakika, vidole vimekuwa vya baridi, hajakojoa tangu asubuhi, ukimwita anakujibu habari za ng'ombe waliouzwa zamani, huyo fahamu zinampotea. Mwili wake umeshindwa kushika joto. Mtu mwenye maambukizi makali joto lake likishuka chini ya nyuzi 36, hiyo ni dalili ya hatari, si nafuu. Na wazee wengine hawapati homa kabisa tangu mwanzo. Wanaanza kwa kuchanganyikiwa na kukataa chakula, nyumba nzima inasema ni uzee.

Hili ndilo linalotuumiza zaidi. Homa inapopanda kila mtu ana wasiwasi na nauli inatafutwa. Ikishuka, bodaboda anaambiwa aende zake, uji unapikwa, ndugu wa Himo wanapigiwa simu kuwa mgonjwa anaendelea vizuri. Alfajiri yake analetwa presha haisomeki.

Lakini alimeza parasetamo ndipo homa ikashuka. Si dawa imefanya kazi?

Imefanya kazi yake, ya kushusha joto. Bakteria haiwagusi. Kumkanda kwa maji haiwagusi. Nyungu nayo haiwagusi, na mtu anayetweta kumfungia ndani ya blanketi lenye mvuke ni kumtesa tu. Homa kushuka peke yake si kupona. Anayepona anapumua kwa utulivu, anaomba chakula, anakojoa, anaanza kugombeza wajukuu.

Basi nyumbani tuangalie nini?

Pumzi kwanza. Achaneni kidogo na kiganja kwenye paji la uso. Mgonjwa akiwa ametulia, hesabuni kifua kinavyopanda kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Mtu mzima mwenye maambukizi akifika mara 22 au zaidi, mleteni. Kwa watoto, mpaka ni 60 kwa mwenye umri chini ya miezi 2, 50 kuanzia miezi 2 hadi 11, na 40 kuanzia mwaka 1 hadi 5. Mtoto ambaye chini ya mbavu panabonyea kila akivuta hewa, au hawezi kunyonya, hata msihesabu, njooni.

Mengine ni kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida, mikono na miguu kuwa ya baridi, midomo kubadilika rangi, mkojo kuwa kidogo au kukata. Moja tu kati ya haya linatosha kumtoa nyumbani, hata kama homa haipo. Hasa kama homa haipo.

Tulidhani ni malaria, tukampa mseto kwanza.

Wengi hudhani hivyo, na kwa Kilimanjaro mara nyingi wanakosea. Kuna utafiti uliofanyika hapahapa Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, kati ya 2007 na 2008, kwa wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na homa. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Waliokutwa malaria ndiyo inayowaumiza kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, brusela, homa ya mgunda na mengineyo ambayo mseto hauyatibu. Pimeni kwanza. Kipimo kikisema hakuna malaria, msimlazimishe mtoa dawa awape mseto "kwa usalama".

Na rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki, za kuanzia?

Hapa naomba mnivumilie, maana uvumilivu wangu umeshaisha. Vidonge vinne vya rangi mbili vilivyofungwa kwenye karatasi si matibabu ya nimonia. Dozi pungufu inawaacha bakteria wagumu wakiwa hai, inatuvurugia kipimo cha kuotesha damu kutafuta bakteria, na kibaya zaidi inawapa siku mbili za kusubiri "tuone itakavyokuwa". Kama nimonia ni ya virusi, rangi mbili hazina kazi yoyote. Mwenye sepsisi anahitaji antibayotiki ya mshipa, na presha ikishaanguka tunatakiwa tuianze ndani ya saa moja tangu tuitambue hali hiyo. Saa moja, wakati nyumbani mmeshatumia siku tatu!

Jirani alisema deksa inatuliza kinga. Tumpe?

Msimpe. Ni kweli mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni inapunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye oksijeni au mashine ya kupumulia. Ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia. Dawa hiyo hushusha kinga, na pia hushusha homa na kumfanya mgonjwa achangamke kwa muda. Mnaona inakotupeleka? Palepale: amepoa, amechangamka, tusiende. Iacheni kwa daktari anayemwona mgonjwa.

Mjomba aliwekewa oksijeni akafa siku hiyohiyo. Kwa nini na huyu mnamwekea?

Poleni kwa msiba. Oksijeni haikumuua. Aliwekewa kwa sababu alikuwa amefika mwisho, na wanaofika mwisho wengine hufa hata tukijitahidi. Kiwango cha oksijeni kwenye damu kikiwa chini ya 90 kwa mia, ubongo na moyo vinanyimwa. Msivue barakoa mkidhani mnamwokoa. Nimekuta ndugu wakifanya hivyo nikiwa nimegeuka kuchukua sindano.

Kuna chanjo?

Mtoto anapata ya numokoki (bakteria wa nimonia) na ya pentavalenti (ya magonjwa matano) wiki ya 6, 10 na 14. Msiruke hata moja. Na toeni jiko la mkaa chumbani anapolala.

Tukiamua kumleta, tubebe nini?

Pakiti za dawa zote alizomeza, hata zilizoisha, na za majani mzitaje bila aibu, hatumgombezi mtu mlangoni. Aje aliyelala naye, anayejua alikojoa lini mara ya mwisho. Si shemeji mwenye gari ambaye hajui lolote. Mkifika mapokezi semeni kwanza "anapumua haraka na amechanganyikiwa", ndipo muelezee homa ilianza lini. Kadi ya bima anaweza kuileta shangazi baadaye kwa daladala.