Bei Zikipanda, Punguza Moto, Usipunguze Mboga

Hela ya matumizi ikipungua nyumbani, sahani hubadilika kwa namna ile ile katika familia nyingi tunazokutana nazo kliniki: ugali unakuwa mkubwa, mboga inageuka mchuzi. Yai la mtoto huondoka kwanza, tunda likafuata, kisha dagaa. Maharage nayo yanaanza kupikwa mara moja moja kwa sababu "yanakula mkaa". Mafuta, sukari ya chai na soda ya Jumapili huwa vya mwisho kuguswa, na namna ya kuwasha jiko haijadiliwi kabisa. Sisi maafisa lishe tukiitazama orodha hiyo tunaona imepangwa kinyumenyume.

Tumbo kujaa ni jambo moja, mwili kujengwa ni jingine. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa kila mmoja karibu asilimia 50, yaani mikoa ile ile inayolisha nchi mahindi. Sababu za udumavu ni nyingi, magonjwa ya mara kwa mara na kazi nyingi za mama zikiwamo, lakini sahani iliyojaa wanga mtupu ni mojawapo. Kwa hiyo siwaambii watu waache wanavyovipenda. Tubaki na ugali, wali maharage, dagaa na pilau la sikukuu, ila tubane mahali pengine.

Tuanze na maharage, maana ndiyo yanayolaumiwa zaidi. Lawama yenyewe ina ukweli ndani yake: maharage makavu yaliyobandikwa bila kulowekwa yanaweza kukaa jikoni saa tatu, na kwa mtu anayenunua mkaa wa kopo, moto unaweza kukaribia bei ya maharage yenyewe. Dawa yake inaanza usiku. Chagua, osha, loweka kwenye maji mengi kwa saa nane hadi kumi na mbili, asubuhi mwaga yale maji na upikie mapya. Muda wa kuiva hupungua sana, na gesi tumboni pia. Ukiwa dukani, muulize muuzaji maharage yake ni ya msimu gani, kwa kuwa yaliyokaa ghalani muda mrefu hayalainiki hata uyabembeleze vipi. Ya njano kwa kawaida huiva upesi kuliko mengi ya aina nyingine. Hata yakiwa ghali kidogo, tofauti inaweza kurudi kwenye mkaa. Magadi, ambayo wengi huyakimbilia, yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1. Kuloweka hakukugharimu hata senti.

Halafu kuna jambo la moto ambalo watu hawaliamini mpaka walijaribu. Maji yakishachemka, hayapati joto zaidi kwa kuongezewa kuni au kufungulia gesi. Yakitokota taratibu au yakirukaruka hadi kusukuma mfuniko, joto lake ni lile lile, nyuzi 100 hivi, na chini kidogo kwa walio Mbeya au Lushoto. Moto wote wa ziada kazi yake ni kuyageuza maji kuwa mvuke, ambao unabidi uufidie kwa maji mengine ya baridi, na safari inaanza upya. Kwa hiyo funika sufuria na upunguze moto. Dakika kumi tu ndizo nataka zitokote kwa nguvu: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovuruga tumbo, na joto lisilofikia kuchemka haliiondoi.

Baada ya hapo hata jiko si lazima. Maharage yaliyolowekwa, yakishachemka nusu saa, bandua sufuria pamoja na mfuniko wake, uizungushie blanketi kuukuu na kuishindilia ndani ya kikapu au ndoo kubwa. Iache saa tatu au nne bila kuchungulia. Kila ukifunua, joto unalotegemea linatoka. Ukirudi utakuta yamelainika au yamebakiza kidogo. Yabandike tena yachemke vizuri, ndipo uyaunge. Wali nao hukubali kikapu, na ukoko unapungua (najua kuna nyumba ambazo hiyo si habari njema).

Mwenye umeme ana njia nyingine. Sufuria ya presha ya umeme huivisha nusu kilo ya maharage kwa takribani nusu uniti. Kwa mteja anayelipa karibu shilingi 356 kwa uniti, hiyo haifiki shilingi 200, na aliye kwenye daraja la watumiaji wadogo analipa chini zaidi ya hapo. Linganisha na kopo za mkaa mtaani kwako. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, lakini kikwazo cha mama wa kawaida ni bei ya kununua chombo kwa mara moja. Hapa vikoba vinaweza kufanya kazi kubwa kuliko semina zetu: wanachama wakichanga kila mwezi, mmoja akatoka na sufuria badala ya vitenge, baada ya mzunguko mmoja kila jiko lina chombo chake. Kikoba hicho hicho kinaweza kununua gunia la maharage mara baada ya mavuno na kugawana, badala ya kila mtu kupimiwa robo kilo kila siku kwa bei ya juu.

Maharage yakishaiva, msiyale yakiwa sura ile ile siku tatu mfululizo halafu mkasema watoto wameyachoka. Leo yaunge kwa nazi, kesho kwa karanga zilizosagwa, keshokutwa yaponde na kitunguu kilichokaangwa, yaliwe na chapati. Au pika makande, chakula ambacho wengi wetu tumekifanya cha shule za bweni wakati ndicho chenye hesabu nzuri kuliko vyote hapa: protini ya mahindi ina upungufu ambao ile ya maharage inaujaza, na ya maharage vivyo hivyo.

Sasa nyama. Ukienda sokoni kutafuta gramu 100 za protini, utazipata kwenye nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, au gramu 450 hivi za maharage makavu, au mayai 16 hadi 17, au dagaa wakavu wasiofika robo kilo. Chukua bei za soko lako leo, ukokotoe mwenyewe. Sehemu nyingi utakuta nyama ni ghali kuliko maharage na dagaa. Dagaa wana faida ya ziada kwamba wanaliwa na mifupa yao, ndiyo kalsiamu yenyewe, hivyo kwa watoto wasiopenda vichwa viondoe tu, kiwiliwili kibaki.

Tatizo la dagaa kwa kawaida ni mchanga na uchungu, na vyote vinatibika jikoni. Wale wa Ziwa Victoria walioanikwa kwenye chanja huwa safi kuliko walioanikwa ufukweni, kwa hiyo nunua hao ukiwapata. Waweke kwenye maji ya uvuguvugu, uwasukesuke kwa mkono, kisha uwaopoe kutoka juu. Usiwamwage pamoja na maji, mchanga umelala chini na utarudi nao. Rudia mpaka sakafu ya bakuli iwe safi. Wachuje, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi uwasikie wakigongana kwenye kikaango. Ndipo uweke vijiko viwili vya mafuta, kitunguu, nyanya na karanga zilizosagwa, na ukamulie ndimu wakati wa kuepua. Vikiwa vimepikwa hivi, vijiko vitatu vya dagaa kwenye sahani ya mtoto havirudi.

Pilau halihitaji kufutwa, linahitaji nyama ikatwe kwa akili. Kilo ya mchele inakwenda na robo kilo ya nyama ikiwa vipande ni vidogo kama punje za maharage makubwa, vikakaangwa hadi vibadilike rangi kabla ya maji. Ladha ya pilau inatoka kwenye vitunguu vilivyoiva hadi kahawia na kwenye bizari nzima, iliki na mdalasini; nyama inachangia mchuzi. Ongeza viazi na njegere, au dengu zilizochemshwa kando. Watu wataanza kuhesabu vipande mezani kama kawaida, na watavikuta vingi.

Kwenye mboga za majani upotevu mkubwa ni maji. Mchicha unaooshwa baada ya kukatwa, ukachemshwa, maji yake yakamwagwa, umeacha sehemu kubwa ya vitamini C kwenye karo. Osha kwanza, kata, bandika na maji kidogo au bila kabisa, funika, dakika chache zinatosha. Kisamvu ndicho hakifai kuharakishwa: kinatakiwa kutwangwa na kuchemshwa hasa, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sianidi. Mwenye kieneo cha hatua mbili nyuma ya nyumba apande matembele kwa vipando. Yanachumwa, yanachipua tena.

Mafuta yanahitajika, maana vitamini A ya majani haifyonzwi vizuri bila mafuta, ila hayahitaji kuelea. Pima kwa kijiko badala ya kukisia na mdomo wa dumu. Vijiko vitatu vya chakula vinatosha sufuria ya mboga ya watu watano, na panapowekwa nazi au karanga unaweza kushuka hadi kimoja. Vidonge vya kuongeza ladha ni chumvi kwa sehemu kubwa, hivyo ukivitumia punguza chumvi ya kawaida. Mtu mzima anashauriwa asizidishe kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku. Na chai isinywewe pamoja na chakula: inazuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasifyonzwe, wakati ndimu, nyanya mbichi au chungwa vinayasaidia kufyonzwa. Kwa mjamzito mwenye damu pungufu, kuichelewesha chai hadi saa moja ipite baada ya chakula ni badiliko lisilo na gharama.

Kuhusu unga, dona. Ukikoboa unalipia mashine ikuondolee pumba na kiini, vyenye vitamini B na madini, ubaki na wanga mweupe. Dona linaharibika upesi kwa sababu ya mafuta ya kiini, kwa hiyo saga la wiki mbili hivi. Lakini mahindi yawe makavu na yasiwe na ukungu, na karanga vivyo hivyo. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi ya nyumbani. Punje zilizobadilika rangi au kusinyaa zitupwe, na asipewe kuku, maana sumu inaweza kurudi kwenye mayai.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi unga wa lishe wa mchanganyiko wa vitu kumi na viwili unaouzwa mitaani kwa bei ya kujivunia. Karanga ndani yake zikiwa na ukungu huwezi kuziona, na soya isiyoandaliwa vizuri inasumbua tumbo la mtoto. Pika uji wa nafaka moja, uongeze maziwa au kijiko cha karanga ulizochagua na kuzisaga mwenyewe. Ni rahisi zaidi na unajua umeweka nini.

Mwisho, kiporo. Wali wa jana na chai ya asubuhi ni urithi na sina nia ya kuugusa, ila wali huo usilale juu ya jiko. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake huvumilia kupikwa, kisha huchipua kwenye wali wa vuguvugu na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali uliobaki usambaze kwenye sinia upoe haraka, uufunike na kuuweka kwenye friji ndani ya saa mbili, na asubuhi upashwe hadi utoe mvuke katikati. Maharage kwenye friji yanakaa siku tatu. Asiye na friji apike ya mchana na jioni tu, yachemshwe kabla ya kuliwa jioni, na yale ya kesho yalowekwe usiku huo.