Je, wajua seva hutambuaje kwamba umeligusa faili lake?

Umefungua /etc/nginx/nginx.conf, faili la mipangilio ya nginx (programu inayohudumia tovuti), kwenye seva ya Debian, aina ya Linux, ukafuta 768 katika mstari wa worker_connections, unaoweka kikomo cha miunganisho, ukaandika 4096. Miezi ikapita. Siku ya kusasisha, toleo jipya linakuja na nginx.conf yake. Mbona 4096 yako haifutiki?

Kwa sababu dpkg, programu inayosakinisha vifurushi vya Debian, ina kumbukumbu. Ilipoliweka faili lile, ilihifadhi pia alama yake ya MD5, mfuatano wa tarakimu na herufi 32, ndani ya /var/lib/dpkg/status. Ukibadilisha hata nukta moja, alama hazifanani tena. Basi siku ya kusasisha hulinganisha vitu vitatu: faili lilivyoletwa zamani, lilivyo sasa, na linaloletwa leo. Kama hukuligusa, huweka jipya kimyakimya. Kama umeligusa na kifurushi hakina jipya, lako hubaki. Pande zote mbili zikiwa zimebadilika, husimama ikakuuliza. Ukibonyeza Enter tu, lako linabaki na jipya linawekwa kando kwa jina linaloishia na .dpkg-dist.

Kumbukumbu hiyo ya faili lilivyoletwa zamani ni lulu, na Ansible, programu ya kupanga seva nyingi kwa pamoja, haina. Inapoandika faili kutokana na kiolezo, hulinganisha viwili tu: unalotaka na lililopo. Yakitofautiana, huandika upya. Haina namna ya kujua kwamba 4096 uliiweka wewe saa nane usiku, seva ilipoelemewa.

Ndiyo maana mimi siiendeshi kabla ya kupitisha --check --diff, inayoonyesha mistari itakayoondoka bila kugusa kitu. Kuna pia backup: true, inayoacha nakala yenye tarehe na saa, ni ya kurejeshea, haizuii faili kuandikwa upya.

Kinachozuia hasa ni kila mmoja kuwa na faili lake. Katika Debian za karibuni, sshd, programu inayopokea wanaoingia seva kwa mbali, husoma pia mafaili ya .conf yaliyomo /etc/ssh/sshd_config.d: Ansible iandike lake humo, nawe lako. Angalia majina tu. Husomwa kwa alfabeti, na kwa sshd thamani iliyotangulia ndiyo inayoshika, hivyo 10-hapa.conf hulishinda 50-ansible.conf.

Kwa worker_connections njia hiyo haipo, kwani iko ndani ya nginx.conf yenyewe. Hapo 4096 ihamishiwe host_vars, folda ya Ansible ya thamani za kila seva, chini ya jina la seva ile, ili Ansible iiandike yenyewe.