Dadu mbili na ziwa moja: dhana potofu kuhusu majedwali ya michezo ya njozi

Kwa asiyeujua mchezo wa njozi, yaani wa kusimulia hadithi ya kubuni kwa pamoja: watu wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake, awe mwindaji, mganga, nahodha au mwizi aliyetubu, na mmoja wao anaendesha mchezo kwa kueleza dunia ilivyo na kinachotokea. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974. Tangu enzi hizo waendeshaji hutumia majedwali. Unarusha dadu, unatazama namba, unasoma mstari wake. Nani anakuja njiani? Sandukuni kuna nini? Jedwali linajibu. Hapa Kigoma wachezaji ni wachache, lakini maneno juu ya majedwali haya ni mengi, na mengi yake si kweli.

"Dadu ni kamari." Kamari ni kuweka fedha ukitarajia kula ya mwenzako. Mezani hapa hakuna anayeweka hata shilingi mia. Dadu inaamua kama mvua itanyesha safarini, basi.

"Bila zile dadu za pande ishirini huwezi kuanza." Dadu hizo ni nadra madukani kwetu, na vijana wengi huishia hapo. Chukua dadu mbili za ludo zenye rangi tofauti. Nyekundu isome kama makumi, nyeupe kama mamoja: unapata 11, 12, 13 hadi 66, yaani mistari 36 yenye nafasi sawa kabisa. Ukitaka 1 hadi 20, zipe namba nafasi 20 za kwanza, na dadu ikiangukia zilizobaki, rusha tena.

"Mwendeshaji anayetumia jedwali ni mvivu, ameiachia bahati kazi ya kutunga." Hii ndiyo inayoniuma, kwa sababu ukweli uko upande wa pili. Bahati inachagua tu kati ya yale uliyokwisha kuandika, tena kwa uzito ulioupanga wewe. Kazi yote ya kutunga imefanyika kabla dadu haijaguswa.

Tazama jedwali la usiku ziwani. Natumia dadu mbili na kujumlisha, kwa hiyo matokeo ni 2 hadi 12, lakini hayana nafasi sawa. Kati ya michanganyiko 36, saba inapatikana kwa njia sita, sita na nane kwa njia tano kila moja, ila mbili ina njia moja tu, na kumi na mbili vilevile. Basi kwenye 7 naweka jambo la kawaida kabisa la ziwa: taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga mbali kama mji. Kwenye 8 naweka upepo unaoanza kuchafua maji. Kwenye 12 naweka kitu kinachopumua chini ya mtumbwi. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, hakuna mchezaji atakayeuliza kimetoka wapi. Hata ukirusha mara 36, uwezekano wa kukutana nacho angalau mara moja ni kama asilimia 64. Kuna kundi litacheza mwaka mzima bila kukiona, likisikia habari zake tu kwa wengine. Ndivyo kitu cha kutisha kinavyopaswa kuwa.

Kisha ukumbuke kwamba siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, maana mwanga wa mwezi unashinda taa zao. Mstari wa 7 hauwezi kubaki uleule mwezi mzima. Nimeweka safu mbili, ya giza na ya mbalamwezi, na kwenye mbalamwezi 7 inasema: ziwa tupu, yeyote unayemwona majini usiku huu ana sababu yake. Kiangazi kikiingia, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, kwa hiyo naongeza moja kwenye kila jumla. Badiliko ni dogo, lakini angalia linachofanya: sasa 8, mstari wa upepo, ndiyo inayotokea mara nyingi kuliko zote, mstari wa 2 haufikiki tena, na unafunguka mstari wa 13, ambao haupo msimu mwingine wowote. Namba moja imebeba majira ya mwaka. Anayeuita huu uvivu hajawahi kuutengeneza.

"Jedwali zuri ni la mistari mia." La mistari mia mara nyingi lina kumi mizuri na tisini ya kujazia. Mstari unaosema "mtumbwi" haumpi mchezaji kitu cha kufanya. Andika: "mtumbwi unaelea bila mtu, taa bado inawaka, wavu umekatwa kwa kisu." Hapo meza nzima inanyanyuka. Mistari sita ya namna hiyo inatosha kwa wiki kadhaa.

"Chukua ya Kiingereza, tafsiri, umemaliza." Programu nyingi za Kiingereza zinazofanya kazi ya jedwali huokota nomino safu hii na kivumishi safu ile, zikaviunganisha. Kwetu ngeli zinakataa. Pango ni jeusi, kijiji ni cheusi, mto ni mweusi, nyumba ni nyeusi. Ukiunganisha bila kuangalia ngeli utapata "mto jeusi" na wachezaji watacheka pale ulipotaka waogope. Njia rahisi niliyoiona ni kukusanya nomino za ngeli moja katika safu moja. Safu ya kwanza: kijiji, kisiwa, kisima, kilima, kivuko, kibanda. Safu ya pili: kilichohamwa, kinachonuka moshi, kisicho na mwenyewe, kilichozama nusu, kinacholindwa na watoto, kisichoonekana mchana. Dadu moja kwa kila safu, na una mahali 36, pote pametamkika sawasawa. *Kivuko kinacholindwa na watoto.* Hiyo peke yake ni mchezo wa jioni nzima.

"Njozi ni ngome, theluji na wafalme wa Ulaya." Nani kasema? Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipitisha pembe, nguo, shanga na watu waliofungwa minyororo. Chumvi ya Uvinza iliuzwa mbali. Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi, alipoifunga njia katika miaka ya 1870, wafanyabiashara walihangaika. Jedwali la "msafara mnaokutana nao umebeba nini" linajazwa na historia hiyo bila kuazima joka hata moja. Ila kuna mstari nisiouweka: kikongwe mwenye macho mekundu ambaye ni mchawi. Katika mikoa yetu hii ya magharibi wapo akina bibi waliouawa kweli kwa dhana hiyo. Wala viungo vya binadamu si hazina ya kuokotwa sandukuni. Jedwali hurudia lilichoandikiwa, na wachezaji huzoea kinachorudiwa.

"Sita haijatoka muda mrefu, sasa lazima itoke." Dadu haina kumbukumbu. Na watu hushangaa mambo yanapojirudia mapema, ingawa ni kawaida: kwenye mistari 36 yenye nafasi sawa, ukirusha mara nane tu, uwezekano wa angalau mstari mmoja, wowote ule, kutokea tena umeshavuka nusu. Usipotaka marudio, acha dadu. Andika kwenye vikaratasi, kunja, tia kwenye kofia, na kilichotoka kisirudi. Karata nazo zinafaa.

"Lazima ukubali kila kinachotoka." Hapana, ila kataa mapema. Kama kuna jibu moja tu utakalolipokea, usirushe, sema linatokea.

"Kutengeneza programu yake kunataka mtaalamu na bando." Excel ya kwenye simu inatosha, hata nje ya mtandao. Orodha ikiwa A1 hadi A36, fomula ni =INDEX(A1:A36,RANDBETWEEN(1,36)). Jihadhari na kitu kimoja: kila ukibadilisha seli nyingine, inachagua upya, kwa hiyo jibu unalolitaka linakili na ulibandike kama thamani.

Wanaoandika msimbo wenyewe huamini kompyuta haikosei, na hapo ndipo upendeleo unapopenya. Katika JavaScript, lugha mojawapo ya kuandikia programu, Math.random() hutoa namba kuanzia 0 hadi chini kidogo ya 1. Wakitaka dadu ya pande sita, wengi huizidisha kwa 5, wakaikadiria kwenye namba nzima iliyo karibu kwa Math.round, wakaongeza 1. Inaonekana sawa, kumbe 1 na 6 zinapata asilimia 10 kila moja na zilizobaki 20. Sahihi ni kuzidisha kwa 6, kushusha hadi namba nzima kwa Math.floor, ndipo uongeze 1. Kabla hujawapa wenzako, iamuru irushe mara 6,000 na uhesabu: kila upande utakaribia 1,000. Upande wa mwisho ukitoka 600, rudi kwenye msimbo.