Kuchagua kitabu chako cha kwanza cha roboti zinazojiendesha: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kipya ndicho bora.
Inategemea sura ipi. A*, njia ya kukokotoa ambayo hadi leo hutumika kuitafutia roboti njia ya kupita, ilichapishwa mwaka 1968 na watafiti wa California waliokuwa wakiunda roboti Shakey. Kichujio cha Kalman, hesabu ya kukadiria roboti ilipo kutokana na vipimo vyenye makosa, ni cha 1960. Sura hizo haziozi. Zinazochacha ni sura za programu: kitabu kilichoegemea ROS 1, kizazi cha kwanza cha ROS, mkusanyiko wa programu za kuundia roboti, kitakusumbua, maana toleo lake la mwisho, Noetic, liliacha kuhudumiwa Mei 2025.

Dhana: Kitabu kizuri huonyesha roboti isiyokosea.
Mimi huanzia hapa kukipima kitabu, na hapa ndipo vingine huanguka. Chukua roboti inayohesabu mizunguko ya magurudumu yake ili ijue ilipo. Ikikosea mwelekeo kwa digrii 1 tu, ikienda mita 10 itakuwa imepotoka kando kwa sentimita 17 hivi. Mlango mwembamba imeshaukosa. Gurudumu likiteleza kwenye vumbi, hesabu haina habari, na kosa la jana linabebana na la leo. Kitabu kinachokupa milinganyo ya mwendo kisha kikalinyamazia jambo hili kinakufundisha roboti ya kwenye karatasi. Tazama kama makosa ya vihisi yamepewa sura yake au yametupiwa aya moja mwishoni. Kisha soma mazoezi: je, kuna hata moja linalokutaka uizungushe roboti kwenye njia ya mraba, halafu upime kwa tepu imesimama umbali gani kutoka ilipoanzia?

Dhana: Hisabati nyingi, basi si cha wanaoanza.
Matriki, trigonometria na hesabu za uwezekano hazikwepeki. Kiogope kinachoruka hatua, kisicho na mfano hata mmoja wenye namba.

Dhana: Cha bure ni hafifu.
Kitabu cha utangulizi cha Nikolaus Correll na wenzake kilitolewa na MIT Press mwaka 2022, na matini yake inasomwa bure mtandaoni.

Dhana: Bila roboti ya bei mbaya, kitabu hakina faida.
Webots, programu ya kuigiza roboti kwenye kompyuta, ni huria tangu Desemba 2018. Kwa sura za mwanzo inatosha, ila vumbi la sakafuni itabidi uliweke mwenyewe.