Dawa iliyolowa mafuriko haiponi kwa kuanikwa

Baadhi yetu Dar es Salaam tunaamini dawa iliyolowa mafuriko ikianikwa juani inafaa tena. Inaeleweka, dawa ni ghali. Lakini Mto Msimbazi ukifurika pale mtaa wa Jangwani, maji hubeba uchafu wa vyoo, na huweza kupenya hata kifuniko kinachoonekana kimebana. Jua nalo huharibu dawa nyingi.

Ndiyo maana duka la dawa makini halipangi maboksi sakafuni; huyainua juu ya chaga, na insulini, dawa ya kisukari, ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Ukiingia, tupia jicho chini ya rafu. Uliza kipimajoto cha friji, si ugomvi.

Kidonge chako kimevimba, kimebadilika rangi? Hata kikionekana kizima, mwonyeshe mfamasia. Kama ni dawa ya presha, usiache matibabu kimyakimya. Omba nyingine mapema.