"Ana kifua" ni ugonjwa gani?

Nimeisikia tena wiki hii. Mtoto wa miaka mitatu, mafua siku ya pili, usiku kucha anahema, na kila anayepita anamwambia mama yake: "Ana kifua huyo, mpe dawa ya kifua." Na pumu ya mtoto huyo inajulikana tangu mwaka jana.

Pumu ni uvimbe sugu wa njia za hewa. Zikichokozwa hubana na kujaa ute. Kwa watoto wadogo, mchokozi mkubwa ni virusi vya mafua ya kawaida.

Sasa lisikilize jina lenyewe. Pumu, pumua, pumzi, pumzika: ukoo mmoja huo. Lugha yetu iliuweka ugonjwa huu kwenye pumzi. Tena pumzi tunaivuta, kisha tunaishusha, na penye pumu kinachogoma zaidi ni kule kushusha. Hewa imeingia, kutoka inakwama. Ndiyo maana mluzi husikika hasa mtoto anapotoa pumzi, na kutoa kwenyewe kunarefuka. Ukisema "kifua" umetaja kiungo tu, na mle mnakaa kikohozi cha mafua, nimonia na pumu, kila kimoja na dawa yake. Sharubati ya kikohozi haifungui njia iliyobana. Antibayotiki haiui virusi. Inayofungua ni salbutamoli ya kuvuta, na mtoto mdogo huipata kupitia spesa yenye barakoa, yaani chombo kitupu kinachounganisha kopo la dawa na uso wa mtoto: tikisa kopo, barakoa iwekwe juu ya pua na mdomo isiache mwanya, bonyeza mara moja, mwache apumue mara tano au sita, ndipo utikise na kubonyeza tena, kwa idadi aliyoandikiwa. Na ile dawa ya kuzuia ya kila siku, kama anayo, isikatishwe eti kwa sababu ana mafua. Nawasihi sana kwa hili.

Kisha mpandishe fulana umtazame. Ngozi kati ya mbavu ikizama kila anapovuta, akishindwa kunyonya au kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au dawa ya kufungua ikiisha nguvu kabla ya muda wa saa 4 kupita, ni hospitali wakati huo huo, na dawa aendelee kupewa njiani. Mluzi ukinyamaza huku bado anahangaika, usishukuru. Huenda hewa inayopita imekuwa kidogo mno hata haitoi sauti.

Basi mama, ukiulizwa pale mapokezi mtoto ana nini, usiseme ana kifua. Sema: ana pumu, ameshikwa na mafua tangu juzi, nimempa dawa ya kuvuta mara kadhaa, na bado hawezi kushusha pumzi.